Majina Juu ya Mapaa: Chama cha Marubani Wanawake na Kazi Yake kwa Jamii

  

Lengo la mhadhara huu ni kueleza habari za chama kimoja cha marubani wanawake, Ninety-Nines, ambacho hapa nitakiita Tisini na Tisa. Kiliasisiwa Marekani mwaka 1929 na kingali hai hadi leo, kikiwa na wanachama katika makumi ya nchi. Dai langu ni hili: wanawake walidumu katika kazi ya urubani kwa sababu walijipanga kufanya kazi ndogondogo zisizoandikwa magazetini, kama kutunza orodha, kuchanga fedha na kupaka rangi. Rekodi na vikombe vilisaidia, lakini peke yake visingetosha. Nitalitetea dai hilo kwa hoja nne, na sitayakwepa mapingamizi, kwa sababu mengine yana uzito.

Hoja ya kwanza: chama kilianzia kwenye daftari

Agosti 1929, wanawake wapatao 20 waliondoka Santa Monica, California, wakaelekea Cleveland, Ohio, katika mbio za kwanza za kitaifa za ndege za wanawake nchini Marekani. Mchekeshaji Will Rogers alizifanyia mzaha akazibandika jina la mbio za poda, na magazeti yakalidaka. Njiani, Marvel Crosson alianguka na ndege yake huko Arizona akafa. Papo hapo zikapazwa sauti kwamba mbio zisimamishwe, kwamba huo ndio ushahidi kuwa wanawake hawafai kuruka. Waliobaki walikataa, wakaendelea hadi Cleveland. Louise Thaden alishinda katika kundi la ndege nzito na Phoebe Omlie katika kundi la ndege nyepesi. Amelia Earhart, ambaye ndiye pekee ambaye wengi wenu mnalijua jina lake, alikuwa wa tatu katika kundi la Thaden. Jambo la maana kwetu lilitokea baada ya mbio, baadhi yao walipokutana chini ya jukwaa la watazamaji wakakubaliana kwamba wasiachane hivi hivi.

Oktoba mwaka huo barua ilitumwa kwa wanawake wote 117 waliokuwa na leseni ya urubani Marekani. Tarehe 2 Novemba, wanawake 26 walikutana katika Curtiss Field, kiwanja cha ndege cha Long Island, New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, kwa hiyo wengi wao walifika kwa gari na kwa treni. Chai ilipakuliwa juu ya kigari cha kubebea vifaa vya fundi, na mazungumzo yakafanyika huku injini ikijaribiwa jirani, ikinguruma hata ikabidi watu wapaze sauti. Malengo waliyojiwekea yalikuwa ya kawaida kabisa: urafiki, ajira, na ofisi moja ya kuweka kumbukumbu za wanawake marubani. Jina liliwatatiza. Yalipendekezwa majina ya ndege wa angani na ya mimea inayotambaa, mpaka ikaonekana afadhali chama kiitwe kwa idadi ya waasisi wake. Orodha ilipofika 86 kikaitwa hivyo, ikapanda hadi 97, ikafungwa kwa 99. Kwa maneno mengine, jina lenyewe ni hesabu iliyotoka kwenye orodha ya majina. Amelia Earhart alichaguliwa rais wa kwanza baadaye, mwaka 1931. Sharti la kuingia lilikuwa moja: uwe mwanamke mwenye leseni.

Kwa nini nalikazia daftari? Kwa sababu kikwazo cha kwanza cha mwanamke yeyote aliyeomba kazi ya urubani kilikuwa kuhesabiwa kama ajabu ya pekee. Mwajiri alimtazama kama tukio lisilo na mfano, na akiharibu mmoja, hukumu ilikuwa ya wote. Orodha hugeuza ajabu kuwa kundi, na kundi lina wastani, lina historia, lina watu wa kulinganishwa nao. Jambo hili lilidhihirika miaka mingi baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake zaidi ya 1,000 wa kikosi kilichojulikana kama WASP walirusha ndege za jeshi la Marekani ndani ya nchi: walizisafirisha kutoka viwandani, walizijaribu baada ya matengenezo, na walivuta shabaha ambazo askari walizipiga kwa risasi za kweli. Kikosi kilisimamiwa na Jacqueline Cochran, ambaye alipata pia kuwa rais wa Tisini na Tisa. Wanawake 38 walikufa kazini. Desemba 1944 kikosi kilivunjwa, na kwa kuwa walihesabiwa kuwa raia, hawakupata haki za askari wastaafu. Miaka ya 1970 jeshi la anga lilipotangaza kwamba sasa wanawake wangerusha ndege zake kwa mara ya kwanza, walioishi walitoa vitabu vyao vya safari, barua na vyeti, wakadai. Mwaka 1977 Bunge la Marekani liliwatambua. Bila karatasi hizo wangekuwa mabibi wazee wanaosimulia hadithi.

Hoja ya pili: ushindi usio na chama huisha na mshindi

Hapa nawaomba mtazame siku moja tu, tarehe 4 Septemba 1936. Siku hiyo Louise Thaden na Blanche Noyes waliondoka New York kwa ndege aina ya Beechcraft na kufika Los Angeles kwa muda usiofika saa 15, wakashinda mbio za Bendix zilizowashirikisha wanaume mashuhuri wa urubani. Wa pili alikuwa mwanamke mwingine, Laura Ingalls. Waandalizi walikuwa wametenga dola 2,500 kwa mwanamke atakayetangulia wenzake, kama kifuta jasho kwa watakaoshindwa, na sasa ikabidi wampe kifuta jasho mshindi. Jioni ya siku hiyo hiyo, Beryl Markham, aliyekulia hapa Kenya na kufunzwa urubani hapa, aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake. Baada ya takriban saa 21 alitua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, pua ya ndege ikazama topeni. Akawa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, ambayo ndiyo njia ngumu zaidi, kwa sababu upepo unakupinga.

Ukipima ujasiri tu, Markham hashindwi na yeyote katika mhadhara huu. New York ilimpokea kwa shangwe. Lakini ukiuliza ni binti gani wa Kenya aliyepata leseni kwa sababu ya safari ile, jibu ni gumu kupatikana. Hapakuwa na chama nyuma yake, wala mfuko, wala ofisi. Aliporudi Kenya baada ya vita alijijengea jina upya kwa kufunza farasi wa mbio. Simlaumu hata kidogo. Ukoloni wenyewe haukuwa na nia ya kuona binti Mwafrika akishika usukani wa ndege, na mtu mmoja hawezi kuwa taasisi. Thaden na Noyes, kwa upande mwingine, ushindi wao uliingia mahali palipoandaliwa. Miaka mitatu nyuma, Florence Klingensmith, mmoja wa waasisi wa Tisini na Tisa, alikufa katika mbio za Chicago ndege yake ilipoharibika bawa angani, na mwaka uliofuata wanawake wakazuiwa kuingia mbio za Bendix. Wanaume walikuwa wakifa katika mbio hizo mara kwa mara na hakuna aliyepiga marufuku wanaume. Chama kililipigia kelele jambo hilo hadi mlango ukafunguliwa tena, na walioupitia wakashinda.

Hoja ya tatu: walijenga kitu ambacho kila rubani alikihitaji

Hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote, na nitakaa nayo. Mnaosafiri leo na simu inayowaonyesha mlipo hadi mlango wa duka mtavumilia nikieleza hali ya rubani wa miaka ya 1930. Alikuwa na ramani, mara nyingine ya barabara tu, alikuwa na dira, na alikuwa na macho. Alifuata reli, alifuata mto. Mawingu yakimshusha na kumtoa njiani, alikuwa na njia moja ya kujua alipo, nayo ni kushuka chini kabisa juu ya stesheni ya treni ajaribu kusoma kibao cha jina la mji huku akichunga nyaya za simu. Wengine walisoma. Wengine waligonga nyaya.

Phoebe Omlie, yule mshindi wa ndege nyepesi, alikuwa amepata kazi ya ushauri serikalini baada ya kumfanyia Franklin Roosevelt kampeni kwa ndege. Akabuni mpango: kila jimbo liwekewe alama kila baada ya maili 15, karibu kilomita 24, na kwa kila alama jina la mji wa karibu liandikwe kwa herufi kubwa juu ya paa linaloonekana vizuri kuliko yote, liwe ghala, shule au kiwanda. Rangi zilikuwa nyeusi na ya machungwa. Fedha za kazi zilitoka katika mpango wa serikali wa kuwapa ajira waliokosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, kwa hiyo mji ulipata alama na vijana wake wakapata ujira. Waliotumwa kuzunguka majimbo, kuonana na mameya na kuwashawishi wenye mapaa walikuwa marubani wanawake: Thaden, Noyes, Helen Richey, Nancy Harkness na Helen MacCloskey. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo kwa mpango wa serikali kubuniwa na kuendeshwa na wanawake. Kufikia katikati ya mwaka 1936 majimbo 30 yalikuwa yameingia, na alama zipatazo 16,000 zimeidhinishwa.

Kisha vita vikaja. Jina linalomwongoza rubani wenu humwongoza na rubani wa adui, kwa hiyo baada ya Marekani kushambuliwa Noyes aliamriwa afute alama za maeneo ya pwani, kiasi cha 13,000. Fikirieni kazi ya kupaka rangi juu ya kazi yako mwenyewe, paa kwa paa. Vita vilipokwisha alianza upya, na wanachama wa matawi ya Tisini na Tisa wakaingia kama watu wa kujitolea. Wanaendelea mpaka leo, ingawa sasa wanaandika zaidi majina ya viwanja kwenye lami na kuchora duara la dira.

Duara hilo linastahili maelezo, kwa sababu ndilo mfano mzuri wa kazi ninayoisema. Dira ya ndege hudanganywa na chuma cha injini na umeme wa vifaa vilivyoizunguka. Rubani lazima ajue inadanganya kwa kiasi gani. Kwa hiyo duara kubwa huchorwa mahali palipo mbali na vyuma, mistari yake ikipimwa kufuata kaskazini ya sumaku. Ndege huelekezwa juu ya mstari, injini ikiwaka na redio zikiwa wazi, na dira inasomwa. Kisha inageuzwa nyuzi 30, inasomwa tena, mpaka duara linakamilika. Tofauti zote huandikwa kwenye kikadi kidogo kinachobandikwa karibu na dira. Na kwa kuwa kaskazini ya sumaku husogea, duara la zamani hupotosha, na huhitaji kupimwa na kupakwa upya. Wanachama huja siku ya mapumziko na ndoo, roli za rangi na kamba za kupimia. Anayefaidika ni yeyote atakayeleta ndege yake pale, hata yule mzee anayeshikilia kwamba wanawake hawana nafasi angani.

Matawi mengine yamewahi kusafirisha damu kwa ajili ya hospitali, na mengine huendesha semina kwa wanaoketi kando ya rubani katika ndege ndogo, wajue la kufanya rubani akizidiwa ghafla. Yote hayo yana tabia moja: ni huduma kwa umma wa anga mzima.

Hapa najua kuna mwenye pingamizi. Atasema: mnawasifu wanawake kwa kupaka rangi, wakati walichonyimwa ni chumba cha rubani. Pingamizi hili lina ushahidi wake, na ushahidi wenyewe ni Helen Richey. Mwishoni mwa 1934 aliajiriwa na Central Airlines, akawa mwanamke wa kwanza kurusha ndege ya abiria yenye ratiba nchini Marekani. Chama cha wafanyakazi marubani kilikataa kumpokea. Ikashauriwa asirushe ndege hali ya hewa ikiwa mbaya. Rubani asiyeruhusiwa kuruka mvua inaponyesha ni pambo, na Richey alilielewa hilo. Mwaka 1935 alijiuzulu, na baadaye ndiyo tunamkuta katika kazi ya mapaa. Kwa hiyo ni kweli, kwa Richey alama zilikuwa hifadhi ya aliyefukuzwa kwa adabu.

Hata hivyo pingamizi hilo linasahau mambo mawili. La kwanza, kazi ya mapaa ilikuwa kazi ya kuruka: waliizunguka nchi kwa ndege, kwa mshahara wa serikali, na saa zao za angani zikaongezeka. Kwa rubani, saa ndiyo mtaji. La pili, ilibadilisha nani anamhitaji nani. Meya aliyekuwa akisoma vichekesho kuhusu mbio za poda sasa alikaa mezani na mwanamke aliyekuja na ramani, bajeti na muhuri wa serikali. Ninakubali kwamba haikumrudishia Richey kiti chake. Mashirika makubwa ya ndege ya Marekani hayakuajiri tena marubani wanawake mpaka miaka ya 1970, na huo ni muda mrefu wa kusubiri kwa mtu yeyote. Lakini milango ilipofunguka walikuwapo wanawake wenye leseni, wenye saa na wenye chama, na hao hawakuota usiku mmoja.

Hoja ya nne: mfuko

Amelia Earhart alipotea katika Pasifiki tarehe 2 Julai 1937. Wenzake wa Tisini na Tisa wangeweza kumjengea sanamu. Wakaanzisha mfuko wa masomo kwa jina lake, na tangu miaka ya 1940 umekuwa ukitoa ufadhili. Ninavutiwa na unachokilipia. Leseni ya kwanza ni mwanzo tu. Yapo mengi mbele yake ambayo hayaimbwi na yana bei kali: cheti cha kuruka kwa kutegemea vifaa bila kuona nje, cheti cha ndege ya injini mbili, cheti cha ukufunzi. Marekani, leseni ya biashara kwa kawaida hudai saa 250 za kuruka, na leseni ya juu ya ndege za abiria hudai 1,500. Kila saa ina mafuta, ina kodi ya ndege, ina mkufunzi. Wasichana wengi hukwama hapo katikati, wakiwa na leseni mkononi na deni benki. Mfuko uliwalenga hao.

Pingamizi la mwisho ndilo kali zaidi, nami sina jibu la kulifuta. Wanawake 117 wenye leseni mwaka 1929 walikuwa na nini cha ziada? Wengi walikuwa na fedha au waume wenye fedha, na walikuwa weupe. Bessie Coleman, mwanamke Mwamerika Mweusi, ilibidi aende Ufaransa kupata leseni mwaka 1921 kwa sababu hakuna shule ya Marekani iliyomkubali, na alikuwa amekwisha kufa ajalini, mwaka 1926, kabla chama hakijazaliwa. Janet Bragg, muuguzi wa Chicago, aliwanunulia wenzake Weusi ndege kwa mshahara wake. Mwaka 1943 aliomba kujiunga na WASP akakataliwa kwa rangi yake. Akaenda Alabama kufanya mtihani wa leseni ya biashara, akaruka vizuri, na mtahini akakataa kumpa. Alirudi Illinois akaipata. Orodha, basi, ina upande wake wa pili: inawahifadhi waliomo na kuwafuta wasiomo. Sharti la leseni lilionekana la haki, ilhali anayetoa leseni hakuwa wa haki. Ninachoweza kusema ni kwamba Bragg na wenzake, waliofungiwa nje, walitumia njia ile ile. Walianzisha chama chao, wakachanga, wakajenga kiwanja chao huko Robbins, Illinois. Ubaguzi uliwatenga na wanawake wa Long Island, lakini njia ya kudumu iliwakutanisha.

Tuangalie mbele, na tuangalie hapa. Mwaka ule ule wa 1929 ambao chai ilipakuliwa juu ya kigari cha fundi, mjane Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways mjini Nairobi, na kiwanja kinachobeba jina lake tunakisikia kikinguruma kila asubuhi. Tunaye pia Kapteni Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787. Tunamtaja kila tunapotaka kujipongeza, na ninahofia tunamtwika mzigo aliobebeshwa Markham, wa kuwa jibu la kila swali. Duniani kote, wanawake ni takriban mmoja kati ya marubani 20 wa mashirika ya ndege.

Mwaka 2029 Tisini na Tisa watatimiza miaka 100, na Wilson Airways, kama ingekuwapo bado, ingetimiza miaka 100 vilevile. Napendekeza kwamba jukwaa hili, pamoja na marubani walioko hapa, lianze sasa mambo matatu. Kwanza, orodha ya wanawake wote wa Afrika Mashariki wenye leseni ya urubani, ya uhandisi wa ndege na ya uongozaji wa ndege, tangu wa kwanza, pamoja na nakala za vitabu vyao vya safari. Pili, mfuko wa kuwavusha waliokwama katikati, hata ukianza kwa kumlipia mmoja tu cheti cha vifaa kila mwaka. Tatu, tuwaombe wenye mamlaka ya viwanja vidogo vya bara, ambako ndege za madaktari hutua kwenye murram, waturuhusu kuandika majina yake kwa chokaa na mawe, yasomeke kutoka juu. Kikao cha kwanza kinaweza kufanyika mwezi ujao, na kwenye ajenda nimeweka mambo mawili tu: nani atashika daftari, na nani atakuwa mweka hazina.